Kulungu wa Svalbard wamekonda kwenye theluji: je, niwalishe?

"Shikamoo daktari. Mwezi Machi nitakwenda Svalbard, vile visiwa vya Norwei vya kaskazini kabisa, kufanya kazi kwenye kambi ya watafiti kwa miezi mitatu. Mwenzangu aliyetangulia alinitumia video ya kulungu wa huko, wale ambao Kiingereza huwaita reindeer, wakichimba theluji kwa kwato. Wamekonda, na mmoja amelala pembeni kama aliyekata tamaa. Siku hiyo baridi ilikuwa nyuzi 28 chini ya sifuri. Video ile imeninyima raha. Dubu wa huko wanakula sili wenye mafuta, sawa, lakini mla majani anapata wapi nguvu mahali ambapo hakuna jani? Kwa nini miguu yake haigandi? Kwa nini halali tu msimu wote wa baridi kama nilivyosikia wanyama wengine wanafanya? Na nikimkuta mmoja amelala amedhoofika, nimpe mkate au nyasi kavu? Mwenzangu ananiambia nisihangaike, dunia inapata joto na taabu yao itakwisha. Ni kweli?"

Marahaba, ndugu yangu. Chini ya maswali yako yote naona hofu moja: kwamba wanyama hawa wamekwama mahali pasipowafaa, baridi inawatesa, na mtu mwenye utu hawezi kuwapita hivi hivi. Huruma hiyo ibaki nayo. Ila tuielekeze panapostahili, maana katika video uliyotumiwa baridi haikuwa tatizo lao.

Kila mnyama mwenye damu moto ana kiwango fulani cha baridi ambacho kikipitwa, mwili unalazimika kuunguza nishati ya ziada, kwa kutetemeka au kwa njia nyingine, ili usipoe. Binadamu asiye na nguo hufikia kiwango hicho hewa ikiwa bado ina nyuzijoto 25 na zaidi. Kulungu wa Norwei bara, akiwa na manyoya yake ya msimu wa baridi, hukifikia kwenye nyuzi 30 hivi chini ya sifuri. Kwa kulungu wa Svalbard, vipimo vilivyochapishwa mwaka 1984 vilionyesha nyuzi 50 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo siku ile ya nyuzi 28, mnyama uliyemwona hata hajaanza kuongeza moto mwilini.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na manyoya. Yana tabaka mbili: chini kuna sufi laini iliyosongamana, juu kuna nywele ndefu ambazo kila mmoja una vijumba vingi vya hewa ndani yake. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi, na kulungu amejifunika hewa iliyotulia kuanzia puani hadi juu ya kwato. Utakapofika, angalia mgongo wa mnyama aliyelala theluji ikidondoka. Theluji hiyo inakaa pale pale bila kuyeyuka, kwa sababu joto la mwili halifiki juu kuiyeyusha. Umbo nalo linasaidia. Kulungu wa Svalbard ni mfupi wa miguu, mfupi wa uso, na mviringo wa mwili kuliko jamaa zake wa bara, hivyo sehemu inayopoteza joto ni ndogo ikilinganishwa na mwili unaolizalisha. Ng'ombe wa miski wa Greenland na Kanada, ambaye kwa ukoo yuko karibu zaidi na mbuzi na kondoo, amefika mbali zaidi: nywele zake za nje huzidi nusu mita na kuning'inia karibu na ardhi, na chini yake kuna sufi inayosifika kuwa miongoni mwa sufi zenye joto kuliko zote.

Miguu haigandi kwa sababu mwili umeikubali iwe baridi. Ateri inayoshusha damu ya moto inapita bega kwa bega na vena zinazopandisha damu iliyopoa kutoka kwatoni. Njiani joto linahama kutoka ateri kwenda kwenye vena, kwa hiyo damu inayofika chini imeshapoa, na ile inayorudi moyoni imeshapashwa. Kiini cha mwili kinabaki kwenye nyuzi 38 au 39 huku sehemu ya chini ya mguu ikiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Lakini mguu baridi unaleta shida nyingine, ya mafuta. Mafuta ya ng'ombe yakipoa kwenye sufuria yanakuwa magumu, wakati mafuta ya alizeti yanaendelea kumiminika. Mguu wa kulungu una tofauti hiyo hiyo kutoka juu kwenda chini. Uboho wa mfupa wa paja una mafuta yanayoganda mapema, na kadiri unavyoshuka kuelekea kwato mafuta yanabadilika kuwa ya aina inayobaki laini hata kwenye baridi kali. Bila hivyo viungo vya chini vingekakamaa.

Pua ndiyo inayonisisimua kuliko yote, na watu wengi hawaijui. Ukilikata fuvu la kulungu kwa upana katikati ya uso, ndani ya pua hukuti uwazi mtupu. Unakuta vifupa vyembamba sana vilivyojiviringisha mara kadhaa, kila kimoja kimefunikwa utando wenye unyevu na mishipa tele ya damu. Hewa ya baridi kali ikivutwa inapita kwenye mikunjo hiyo na kufika mapafuni ikiwa na joto la mwili, na katika kupita huko inaipoza mikunjo yenyewe. Pumzi ya moto yenye mvuke ikirudi inakutana na mikunjo iliyopoa, inaacha joto lake hapo, mvuke unageuka matone ya maji, na kinachotoka nje ni hewa iliyopoa na kukauka. Maji hayo yanayookolewa yana thamani sawa na joto. Mahali ambapo mito na mabwawa yote yameganda, mnyama anakunywa kwa kula theluji, na kila gramu ya theluji anayoimeza lazima aiyeyushe na kuipasha kwa nishati yake mwenyewe.

Mnyama aliyefungwa joto namna hii, shida yake inayojirudia ni kuzidiwa na joto. Kulungu akikimbizwa akiwa na manyoya ya msimu wa baridi, joto linalozalishwa na misuli halina pa kutokea. Inambidi aachame mdomo, atoe ulimi na kuhema haraka ili apoe, na hapo anapoteza joto na maji aliyokuwa akiyabana kwa uangalifu mkubwa. Likumbuke hilo, maana litaingia kwenye swali lako la kuwalisha.

Sasa chakula, ambacho ndicho kinachoamua nani ataiona Juni. Unasema hakuna jani. Majani yapo, umefichwa tu usiyaone. Tundra ni nchi isiyo na miti, ambayo udongo wake wa chini hauyeyuki mwaka mzima, na majira yake ya kuota mimea ni ya miezi miwili au mitatu. Mimea yake hujilaza. Kuna mierebi, ndugu wa ile miti mikubwa ya kando ya mito, ambayo kule inatambaa chini na kimo chake ni sentimita chache tu. Kuna majani ya jamii ya ndago, kuna nyasi, na kuna maua madogo yanayoota kwa vishada vilivyobanana. Msimu wa baridi ukifika vyote vinafunikwa na theluji vikiwa vimekauka kwa sehemu, lakini vipo, na theluji iliyolegea inaweza kuchimbwa.

Itazame tena ile video, taratibu. Utaona kulungu anatembea ameinamisha kichwa, pua ikigusa theluji, anasimama, anavuta pumzi, anasogea. Anatafuta harufu ya mimea inayopenya kutoka chini. Akiridhika anapiga kwa mguu mmoja wa mbele, mara mbili tatu, theluji inaruka nyuma, anabadilisha mguu. Shimo likifika chini anaingiza uso wote, anakula vinywa vichache, kisha anasogea hatua moja na kuanza upya. Hata kwato hubadilika kufuata majira: nyama laini ya chini husinyaa msimu wa baridi na ukingo mgumu ukajitokeza, hivyo unakwangua barafu na kushika mahali panapoteleza. Shimo hilo limegharimu nishati, na wengine wanalitamani. Hapo ndipo pembe za majike zinapopata maana. Katika ukoo mzima wa kulungu, ni wa aina hii tu ambao majike huota pembe kwa kawaida. Madume wakubwa huziangusha baada ya msimu wa kupandana, majike wengi wanabaki nazo hadi karibu na kuzaa, na jike mwenye mimba mwenye pembe ana nafasi nzuri ya kumfukuza dume asiye nazo kwenye shimo.

Kwenye tundra ya bara, kulungu hutegemea sana kuvumwani, kile kiumbe cha rangi ya kijivu au kijani hafifu kinachotokana na kuvu na mwani kuishi pamoja. Kina wanga mwingi na protini kidogo mno. Wanyama wengi hawakiwezi, kwa sababu wanga wake ni mgumu kumeng'enya na baadhi ya aina zina kemikali zenye sumu. Kulungu ni mnyama anayecheua, na ndani ya tumbo lake la kwanza kuna bakteria wanaoivunja kemikali hiyo na kuuchachusha wanga. Protini pungufu anaifidia kwa ujanja wa figo na damu: urea ambayo mnyama mwingine angeimwaga kwenye mkojo, yeye anairudisha tumboni kwa wingi zaidi majira ya baridi, bakteria wanaitumia kujijenga, na baadaye yeye anawameng'enya bakteria hao. Huko Svalbard kuvumwani ni haba, kwa hiyo utawaona wakitafuta zaidi nyasi na vijiti vya mierebi. Macho nayo yana msaada wake. Utando unaoakisi mwanga nyuma ya jicho la kulungu hubadilika kutoka rangi ya dhahabu majira ya joto hadi buluu majira ya giza, na jicho hilo linaona mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Theluji huuakisi mwanga huo na kuvumwani huumeza, kwa hiyo chakula kinajitokeza kama doa jeusi juu ya weupe.

Pamoja na hayo yote, anachokichimba hakitoshi. Hapa ndipo watu wengi wanaposhangaa: kulungu hategemei kushiba msimu wa baridi. Mchukue ukamweke zizini, ukamjazia chakula mbele yake mwezi Januari, bado atakula kidogo kuliko anavyokula Agosti. Mwili wake husoma urefu wa mchana na kupunguza hamu ya kula kabla hata chakula hakijaadimika. Msimu wa joto, jua lisipotua, anakula karibu saa zote, na ikifika Oktoba kulungu wa Svalbard huwa amejijengea tabaka la mafuta la sentimita kadhaa mgongoni. Kisha anaanza kulitumia polepole. Jike anaweza kupoteza robo ya uzito wake na zaidi kati ya vuli na Aprili, halafu akazaa ndama mzima mwanzoni mwa Juni. Kwa maneno mengine, video yako ilimwonyesha mnyama aliye mwishoni mwa safari ndefu, na mwishoni mwa safari hiyo wote wamekonda. Ukikaa hadi Mei utawaona wameharibika zaidi kwa macho, manyoya yanachomoka vipande vipande yakining'inia. Huko ni kubadilisha manyoya tu.

Na yule aliyelala pembeni? Huenda alikuwa anafanya jambo la busara kuliko wote waliosimama. Kutembea kwenye theluji ni gharama, kulala ni nafuu, na kulungu wa Svalbard, kwa kuwa hana mbwamwitu wa kumkimbiza, hutulia mno majira ya giza. Akilala anacheua. Utafiti uliofanyika Tromsø, kaskazini mwa Norwei bara, na kuchapishwa Desemba 2023 ulipima mawimbi ya ubongo ya kulungu na kukuta kwamba anapocheua, mawimbi hayo yanafanana na ya usingizi mwepesi, na kwamba kadiri alivyocheua zaidi ndivyo alivyohitaji usingizi kidogo baadaye. Anameng'enya na kupumzisha ubongo kwa pamoja. Huko Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na mpangilio wa saa 24 wa kulungu wa huko hudhoofika sana katika kipindi hicho. Wanakula na kupumzika kwa zamu fupi fupi.

Umeuliza kwa nini hawalali msimu mzima. Wapo wala mimea wa tundra wanaofanya hivyo, ila ni wachache sana. Aliye maarufu ni kindi wa ardhini wa Alaska na Kanada, mla mbegu, majani na matunda madogo, anayejifungia shimoni miezi 7 hadi 8. Mwaka 1989 Brian Barnes wa Chuo Kikuu cha Alaska alionyesha kwamba joto la mwili wa mnyama huyu linaweza kushuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri bila damu yake kuganda. Hata hivyo hawezi kukaa hivyo moja kwa moja. Kila baada ya wiki mbili au tatu anajipasha kwa kuunguza mafuta ya kahawia, yaani mafuta ya mwilini yenye kazi ya kuzalisha joto, na kutetemeka, joto linapanda hadi la kawaida, anakaa hivyo kwa muda usiofika siku mbili, kisha anapoa tena. Kujipasha huko kunameza sehemu kubwa ya akiba yake yote. Kulungu mwenye kilo 60 au 70 angehitaji shimo kubwa katika ardhi iliyoganda kama mwamba, na kuupasha mwili wa ukubwa ule kutoka kwenye baridi hiyo kungechukua muda mrefu mno na mafuta mengi mno. Isitoshe, tumbo lake la kwanza limejaa bakteria hai wanaotaka joto. Wakifa hao, naye amekwisha.

Wadogo wengi wana njia ya tatu. Lemingi, panya wanene wa tundra wenye mkia mfupi, hawalali wala hawastahimili upepo; wanaishi chini ya theluji. Theluji ikiwa nene inaizuia baridi, na pale inapogusana na ardhi joto hubaki karibu na sifuri hata juu kukiwa na nyuzi 30 za baridi. Humo wana njia zao, viota vyao vya nyasi, na mara nyingine huzaliana katikati ya msimu wa giza. Svalbard hawapo, kwa hiyo usiwatafute. Utakayemkuta ni kwale wa theluji, ndege mweupe ambaye miguu yake imefunikwa manyoya hadi vidoleni, hujichimbia kwenye theluji kulala, na vuli hujaza mafuta mwilini kwa kiwango ambacho ndege wengine hawakifikii.

Sasa lile la mwenzako, kwamba joto la dunia litawaondolea taabu. Nakuomba umweleze kwa upole kwamba mambo yako karibu kinyume. Theluji laini inachimbika. Kinachoua ni joto la siku mbili katikati ya msimu wa baridi: mvua inanyesha juu ya theluji, inapenya hadi chini, kisha baridi inarudi na kuigeuza barafu ngumu inayoifunika mimea. Kulungu anainusa, anaipiga, kwato inateleza. Oktoba 2003 hali ya namna hiyo kwenye kisiwa cha Banks, Kanada, iliua ng'ombe wa miski wapatao 20,000. Novemba 2013 kwenye rasi ya Yamal, Urusi, kulungu wa wafugaji wapatao 61,000 walikufa njaa kufikia majira ya kuchipua, na wafugaji waliokuwa na makundi makubwa wakabaki mikono mitupu. Svalbard mvua za aina hiyo zimeongezeka. Watafiti waliokuwa wakiwapima kulungu wa huko kwa miaka mingi waligundua kwamba majike waliokomaa waliozaliwa mwaka 1994 walikuwa na wastani wa kilo 55, na waliozaliwa 2010 wastani wa kilo 48. Miaka yenye barafu nyingi baadhi yao wameonekana wakishuka ufukweni kula mwani wa baharini, chakula kinachowaharisha na kisichowashibisha vizuri.

Lakini nisikupe upande mmoja. Majira ya joto yamerefuka, mimea inaota kwa wingi zaidi, na vuli isiyoharakisha theluji inawapa muda wa kunenepa. Idadi ya kulungu wa Svalbard imepanda kwa miongo kadhaa, na inakadiriwa kuwa karibu 22,000. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na kupigwa marufuku uwindaji mwaka 1925, baada ya wawindaji kukaribia kuwamaliza. Siku hizi unaruhusiwa kidogo kwa masharti. Wengi kwa idadi, wadogo kwa mwili: hiyo ndiyo hali ilivyo, na wataalamu wenye nia njema wanatofautiana kuhusu ni upande upi utashinda.

Wingi wenyewe una hatari, na hapa kuna kisa ambacho kila anayetaka kuwalisha kulungu wa kisiwani anapaswa kukijua. Mwaka 1944 Wamarekani waliwapeleka kulungu 29 kwenye kisiwa cha St. Matthew, katika Bahari ya Bering, ambako hapakuwa na mbwamwitu na kuvumwani kilikuwa kimejaa tele. Kufikia 1963 walikuwa 6,000 hivi. Kuvumwani kilikuwa kimelika hadi ardhini. Msimu wa baridi wa 1963 hadi 1964 ulikuwa mkali, na watafiti waliporudi mwaka 1966 walikuta wamebaki 42. Wazazi wao walikuwa wameivumilia baridi ya kisiwa hicho mwaka baada ya mwaka. Sahani ilipokuwa tupu, manyoya na pua na miguu yote ile haikuwasaidia.

Ndiyo maana jibu langu kuhusu mkate na nyasi kavu ni hapana, na nitakueleza sababu usije ukadhani ni ukatili. Mkate kwanza. Bakteria wa tumbo la kulungu mwezi Machi wamezoea chakula kigumu na kichache. Ukiwamwagia wanga mwepesi ghafla, baadhi yao wanazaliana kwa kasi na kutoa asidi nyingi, asidi inachoma kuta za tumbo na kuingia kwenye damu, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili akiwa ameshiba. Nyasi kavu zinaonekana salama, lakini kwa mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu, bakteria wa kuvunja nyasi ngumu wamepungua; anakula, tumbo linajaa, na kilichomo hakimeng'enywi. Wafugaji wa kulungu wa Norwei, Finland na Uswidi huwalisha wanyama wao miaka mibaya, hilo ni kweli, lakini wanaanza mapema kabla mnyama hajadhoofika, kwa chakula maalumu, kidogo kidogo kwa siku nyingi, wakishirikiana na madaktari wa mifugo. Wewe utakuwa na kipande mkononi na mnyama wa porini mbele yako.

Zaidi ya hayo, kumkaribia kwenyewe ni gharama kwake. Akishtuka akakimbia mita mia kadhaa kwenye theluji nzito, ameunguza mafuta aliyokuwa ameyapangia wiki za mbele, na wengi wa majike utakaowaona Machi na Aprili wana mimba. Ukimwona ameinua kichwa, ameacha kula, anakutazama, umeshafika karibu mno: simama, kisha rudi nyuma taratibu bila kumzunguka. Tumia darubini. Ukipanda pikipiki ya theluji, mpitie kwa mbali na kwa mwendo uleule, usipunguze na kusimama karibu yake ili upige picha. Siku ukienda Dovrefjell, Norwei bara, kuwaona ng'ombe wa miski, umbali unaoshauriwa ni mita 200, na hapo ni kwa usalama wako pia, kwa sababu ng'ombe huyo hakimbii: anasimama, na akichoka na wewe anakuja.

Kuna hali ambazo hupaswi kukaa kimya. Mnyama aliyenaswa na kamba, nyavu au waya, aliyevunjika mguu, au anayetapatapa karibu na kambi, mpigie simu msimamizi wa kambi na kupitia kwake ofisi ya Sysselmesteren, yaani mkuu wa serikali wa Svalbard aliyeko Longyearbyen. Wao ndio wenye mamlaka na watu wenye ujuzi wa kuamua anasaidiwa au anamalizwa bila mateso. Usijaribu kumnasua mwenyewe. Na hili ulishike zaidi ya mengine yote: Svalbard kuna kichaa cha mbwa. Kimepatikana kwa mbweha wa Aktiki na hata kwa kulungu. Mnyama anayekusogelea bila woga, anayepepesuka, anayetokwa na mate au ambaye miguu yake ya nyuma imelegea, kaa naye mbali na utoe taarifa. Ukiumwa, au mate yake yakigusa kidonda au macho, osha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kisha uende hospitali ya Longyearbyen siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo na hujisikii vibaya. Ugonjwa huo unazuilika kwa chanjo ukiwahi. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Kabla ya kusafiri muulize daktari wako kama inakupasa kupata chanjo ya awali, kwa kuwa utakaa miezi mitatu na utakuwa ukitoka nje mara kwa mara.